Farasi mwenye nguvu na papara kwenye viunzi: tumtulizeje bila kumng'oa mdomo?

MpandaViunzi

Wakuu, swali la farasi anayekimbilia viunzi huulizwa mara kwa mara na karibu kila mara hujibiwa kwa maneno mawili: badilisha lijamu (kile chuma cha mdomoni). Nafungua uzi huu tulijadili kwa kina, maana kwa maoni yangu lijamu ndiyo kitu cha mwisho kuguswa.

Ninayemzungumzia ni yule ambaye pasipo na kiunzi ana adabu zote. Akigeuzwa tu kukielekea, kichwa juu, shingo imekakamaa, hatua tatu au nne za mwisho anazirefusha, anaruka bapa huku miguu ya nyuma ikigonga boriti, kisha anatua na kuondoka shoti.

Kabla ya zoezi lolote angalia kasi inaanzia wapi. Ikianza hatua za mwisho kabla ya kuruka, mara nyingi ni mizani au hofu. Uzito umemwangukia mabegani naye anaukimbiza, au amejifunza kwamba karibu na kiunzi mdomo wake huvutwa, kwa hiyo anataka yaishe haraka. Ikianza baada ya kutua, tazama mgongo wake, miguu yake ya mbele, halafu mtazame mpandaji: anayekaa kwenye tandiko mapema, farasi akiwa bado hewani, humpiga mgongo na kumtwanga mdomo kwa mpigo mmoja. Ikianza tangu getini, hapo ndipo pa kuzungumzia chakula, kufungiwa bandani na kazi isiyotosha.

Hizi ni shida tatu tofauti, na dawa ya moja huzidisha nyingine. Karibuni.

Kwato4

Kabla watu hawajakimbilia mazoezi: farasi aliyekuwa mtulivu akabadilika ndani ya wiki chache mchukulie kuwa ana maumivu hadi daktari wa mifugo aseme vinginevyo.

Meno yakaguliwe kila miezi 6 hadi 12. Magego hutengeneza kingo kali zinazochana mashavu kila hatamu zikikazwa. Tandiko liweke mgongoni bila kitambaa. Mfereji wa katikati uwe wazi toka mbele hadi nyuma, upana wa vidole vitatu hivi, na pale nyuma ya mabega kiganja kipite bila kubanwa. Tandiko finyu linaweza lisionekane kusumbua kwenye kazi ya kawaida, lakini wakati wa kutua mabega yanarudi nyuma kwa nguvu na kukutana na ubao wake.

Halafu kuna vidonda vya tumbo, pingili za mgongo zinazogusana, na kwato za mbele. Dalili za kuzingatia: analaza masikio au kuuma hewa unapofunga mkanda wa tumbo, anabadilisha mguu wa nyuma katikati ya kenta (mbio za polepole), na kila kiunzi anaruka akivutika upande uleule. Hiyo ya mwisho watu huiita tabia. Mara nyingi ni mguu mmoja anaoukwepa.

Hatamu_Laini

Kwato4 kamaliza la afya, mimi nizungumzie mikono.

Farasi wa kilo 500 hashindwi nguvu na mtu. Ukimvuta mfululizo unampa kitu cha kuegemea, naye anaegemea, na kadiri anavyoegemea ndivyo uzito unavyozidi kuhamia mbele. Kinachomrudisha nyuma ni nusu-simamo: unamwomba kana kwamba unataka asimame, kisha unaachia kabla hajasimama. Nyosha mwili juu, kaza tumbo na mgongo wa chini, fumba vidole kwenye hatamu wakati mabega yake yanainuka, kisha fungua. Muda wake ni hatua moja ya kenta. Kuachia ndiko kunakomfundisha. Asipojibu, toa la pili lenye nguvu zaidi, nalo liishe vilevile. Akipuuza hata la tatu, ingia kwenye duara, usianze kuvutana naye.

Kosa kubwa ni mahali pa kuyatolea. Kazi ifanyike konani na katika hatua za kwanza za mstari ulionyooka. Hatua tatu za mwisho mikono itulie. Farasi ana eneo asiloliona mbele kabisa ya paji la uso, na anapokaribia kuruka kiunzi kinamezwa na eneo hilo. Anahitaji kusogeza kichwa mapema ili apime umbali. Ukimbana hapo, atarusha kichwa juu, mgongo utabonyea, na utaruka pamoja na ubao badala ya farasi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalisikilizi: kwenye kenta farasi hupumua mara moja kwa kila hatua. Ukisikia pua inapuliza kwa mpigo ulio sawa, mambo ni mazuri. Ukimya wakati mwili umekakamaa ni dalili mbaya. Na mpandaji aliyeshika pumzi hukakamaa naye, kwa hiyo hesabu hatua kwa sauti, "moja, mbili, moja, mbili". Huwezi kuhesabu kwa sauti bila kutoa pumzi.

NgaziYaKwanza

Shukrani mkuu. Swali: kama ana moto hivyo, si ni heri miguu yangu ikae mbali na ubavu wake kabisa?

Hatamu_Laini

Hapana, na hili ndilo linalowatengeneza farasi wengi wa namna hii. Mguu uliokaa mbali siku zote, siku ukimgusa kwa bahati mbaya unakuwa kama cheche. Mguu ukae umegusa, mwepesi, bila kubana. Afundishwe polepole kwamba mguu hausemi "nenda" tu: anza kwa hatua za kawaida, yaani mwendo wa kutembea, mguu mmoja umsogeze pembeni mita 3 au 4 kutoka ukutani kuelekea ndani huku akibaki amenyooka. Kisha fanya hivyo kwa telki, yaani ule mwendo wa miguu ya mshazari miwili miwili. Anayeruka mbele anaposukumwa pembeni bado hajaelewa, na huyo hana haja ya kuona kiunzi wiki hiyo.

Kuhusu kukaa: fupisha vikuku (vyuma vya kukanyagia) kwa matundu mawili hadi manne kuliko urefu wa kazi ya kawaida. Makalio yainuke kidogo juu ya tandiko, uzito ushuke kwenye visigino. Kukaa kwa kujikita na kusukuma kiuno humwongezea moto. Lakini usiegemee mbele pia; mabega yako yakipita magoti, umemhamishia uzito kule kule anakokimbilia.

Na jifunze daraja la hatamu. Kila mkono unashika hatamu zote mbili, zimelaliana juu ya shingo mbele ya kinundu cha mabega. Akivuta, anaivuta shingo yake mwenyewe. Mikono yako haitolewi mahali pake, na mgongo wako unapumzika.

BoritiChini

Haya, vipimo. Vyote ni vya farasi mkubwa. Kwa mdogo punguza.

Zoezi la kwanza ni duara la kipenyo cha mita 20 lenye boriti nne za chini, moja kila robo. Mzingo ni mita 62.8, robo ni mita 15.7. Hatua nne kati ya boriti na boriti maana yake ni kuigawa 15.7 mara tano, kwa sababu hatua ya kuvuka boriti nayo inahesabika. Inakuja kama mita 3.1 kwa hatua, kenta iliyokusanywa kidogo. Mwenye papara ataingiza hatua tatu, na hapo kila moja imefika mita 3.9. Usimvute. Sogea nje: kila mita unayoongeza kwenye nusu-kipenyo inaongeza takriban mita 1.6 kwenye robo, na hatua ya nne itapata nafasi. Akitulia, rudi katikati ya boriti. Dakika tatu kila upande, pumzika kwa hatua za kawaida, rudia. Uzuri wa duara ni kwamba hakuna mstari mrefu wa kukimbilia wala mwisho wa kuusubiri.

Zoezi la pili ni safu ya viunzi inayoingiwa kwa telki. Boriti tatu za telki, mita 1.3 kati yake. Kutoka ya tatu mita 2.5 hadi kiunzi cha msalaba, sentimita 50 katikati. Mita 5.5 hadi cha wima, sentimita 70. Mita 6.5 hadi kipana (chenye boriti ya mbele na ya nyuma), sentimita 80. Weka boriti ya chini katikati ya kila pengo, na nyingine mita 3 baada ya kiunzi cha mwisho ili atue na kutazama chini badala ya kutazama geti. Usiijenge yote kwa pamoja. Siku ya kwanza boriti na msalaba tu. Kingine kiongezwe akishapita mara tatu kwa mwendo uleule.

Watu hukosea katika mapengo. Pengo refu linamwalika akimbie. Pengo fupi mno kwa farasi ambaye bado anakimbia linamtupa juu ya kiunzi, akiumia mara moja utamtibu miezi. Punguza kwa sentimita 10, tazama, kisha punguza tena kama imekubali. Awepo mtu chini mwenye kazi hiyo moja. Boriti za duara zizuiliwe kwa mchanga au vishikizi zisibingirike akizikanyaga, na boriti ya nyuma ya kiunzi kipana ikae kwenye vikombe (vishikilio vya boriti) vinavyoachia ikigongwa.

Zoezi la tatu ni viunzi viwili mita 18 mbali. Hesabu ya kawaida ni hatua nne: mita 1.8 za kutua, mita 1.8 za kujiandaa kuruka, na hatua nne za mita 3.6. Kwa viunzi vya sentimita 60 au 70, mpitishe kwa hatua tano, kila moja ikiwa karibu mita 3. Akizipata bila mvutano, mpitishe kwa nne, kisha tano tena. Farasi anayejua namba mbili kwenye mstari mmoja huanza kukusikiliza uamue ipi.

ShotiBaadaye

Naona mmesahau njia rahisi kuliko zote: kila akikimbilia kiunzi mgeuze, mzungushe, umlete tena. Baada ya mara kadhaa anachoka mwenyewe.

BoritiChini

Inafaa na inaharibu, inategemea unageuza lini. Mgeuze zikiwa zimebaki hatua sita au zaidi, kwa duara la mita 15 hadi 20, kabla hajafunga macho kwenye kiunzi. Ukimgeuza hatua mbili za mwisho unamfundisha kukwepa, na baadaye atakwepa siku ambayo umempeleka kwa dhati. Pili, usimgeuze kila akikimbia tu. Changanya: mara ruka, mara zunguka hata kama alikuja vizuri. Akigundua kwamba kukimbia ndiko kunakoleta duara, wengine huzidisha papara kwa sababu duara lenyewe linawatia wasiwasi.

Na kumchosha si mpango. Farasi huzoea kazi haraka; baada ya mwezi una farasi yuleyule akiwa na mapafu makubwa zaidi.

MpandaViunzi

Niongezee moja: kwenye mashindano duara hilo halipo. Chini ya kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kukata njia yako mwenyewe kati ya kiunzi na kiunzi ni ukaidi, pointi 4 sawa na kuangusha boriti, na ukaidi wa pili ni kutolewa. Anayetegemea duara nyumbani ataingia uwanjani mikono mitupu. Sisemi lisitumike, nasema lisiwe breki pekee.

FundiHatamu

Sasa tuje kwenye lijamu, maana mtu atauliza tu.

Lijamu ya kiungo, isiyo na mkono (chuma cha pembeni) wa kukuza nguvu, ndiyo ya kuanzia. Ukihitaji zaidi, jua unahitaji nini. Anayeshusha kichwa na kuchimba kuelekea chini anaweza kusaidiwa na lijamu ya pete tatu, ambayo hubana utosini na kupandisha mdomoni. Lakini ukimpa yule anayerusha kichwa juu, unamwongezea ugonjwa. Huyo wa kichwa juu husikia vizuri zaidi pelhamu yenye mnyororo wa kidevuni na hatamu mbili: ya juu ya kazi ya kawaida, ya chini ikae legevu mpaka ihitajike. Mnyororo ulale bapa bila kusokotwa, uanze kubana mkono wa lijamu ukiwa umezunguka nyuzi 45 hivi. Nguvu inakuzwa kwa uwiano wa urefu wa mkono wa chini na wa juu, kwa hiyo sehemu ya chini ikiwa mara mbili ya ya juu, vuto dogo la kidole linafika kwenye kidevu likiwa limekua.

Wengi huweka lijamu kali halafu wanaogopa kuigusa, au wanaigusa kama ile ya zamani. Siku mbili za kwanza farasi anashtuka na kupunguza mwendo, kila mtu anafurahi. Wiki ya tatu ameizoea na mdomo umekufa ganzi. Lijamu kali ni ya mkono unaojua kuachia, basi.

Mkanda wa pua usikazwe kuficha mdomo unaofunguka. Vidole viwili vya mtu mzima vipite juu ya mfupa wa pua. Tangu 2025 FEI hupima kwa kifaa maalumu pengo la sentimita 1.5 mahali hapohapo.

Ule mkanda wa kifuani wenye pete mbili za kupitisha hatamu unakubalika, na humsaidia anayerusha kichwa, ila upimwe: farasi akisimama kawaida, pete zivutwe zifike usawa wa koo. Ukiwa mfupi unamvuta chini muda wote, hata akihitaji shingo kuruka. Lazima kuwe na vizuizi vya mpira kwenye hatamu, la sivyo pete inaweza kunasa kwenye lijamu, na farasi aliyenaswa hivyo hurudi nyuma au husimama wima. Zile hatamu za kuteleza zinazofungwa kwenye mkanda wa tumbo zisiwepo kabisa wakati wa kuruka. Zikimbana hewani hana shingo ya kujiokoa nayo.

NgaziYaKwanza

Na ikitokea ameshaondoka kabisa baada ya kutua? Maana uwanja una mwisho.

Hatamu_Laini

Kwanza usipige kelele na usilale mbele. Fupisha hatamu zote. Mkono mmoja, ukiwa umeshika hatamu yake fupi, uzamishe kwenye singa mbele ya kinundu cha mabega, ukandamize shingo usitoke hapo. Mkono wa pili uvute juu na nyuma kwa nguvu, achia, vuta tena, mwili ukiwa wima na visigino mbele kidogo. Mkono uliokandamizwa unazuia shingo isipinde upande mmoja, ndiyo maana anasimama badala ya kuanguka. Ni breki ya dharura, inauma. Ukiitumia kila siku itakufa kama nyingine.

Kama nafasi ipo, duara kubwa linalopungua polepole ni salama zaidi. Usimkate kona kali kwenye shoti, hasa kwenye nyasi zenye maji. Miguu itateleza chini yake.

Kwa kila siku, fundisha kituo baada ya kiunzi. Baada ya kutua hesabu hatua tano au sita moja kwa moja, nyosha mwili, sauti ya chini, simama. Simama hapo sekunde kumi, hatamu zilegee. Fanya hivyo kwa kiunzi kimoja katika vitatu. Ukisimama kila mara ataanza kusimama hewani, yaani ataruka akijizuia, na hilo ni baya kuliko kasi.

SaaMkononi

Kuhusu kasi yenyewe, watu wengi hawaijui. Mwendo wa mita 350 kwa dakika, ambao hutumika sana kwenye mashindano, ni kama mita 58 kwa sekunde 10. Pima mita 58 kando ya uwanja, weka alama mbili, pita kwenye kenta huku mtu ana saa. Mwenye farasi wa moto hushangaa kuona anatumia sekunde 8 akidhani anakawia, na mwingine hugundua farasi wake hana kasi kubwa, ana mvutano tu, na mvutano ndio uliomtisha.

Siku ya mashindano: pasha misuli kwa mabadiliko mengi ya mwendo, kenta hadi hatua za kawaida na kurudi, kuliko kwa viunzi. Viunzi vitano hadi vinane vinatosha. Baada ya kengele una sekunde 45 kabla ya kuvuka mstari wa kuanzia. Tumia 20 za kwanza kwa hatua za kawaida hatamu zikiwa ndefu. Wengi huanza kenta kengele ikilia, wanafika kiunzi cha kwanza farasi amekwisha kuchemka.

Kwato4

Chakula kwa ufupi. Majani makavu au mabichi yasiwe chini ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yakipimwa makavu. Wa kilo 500 ni kilo 7.5. Wanga wa nafaka usizidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja. Anayefanya kazi saa moja kwa siku wala haihitaji ndoo ya nafaka anayopewa. Nusu saa kabla ya kupandwa apewe majani kidogo: tumbo tupu linamwagia tindikali ukuta wake wa juu anapokwenda mbio. Atolewe nje ya banda kila siku. Dawa za kutuliza kama acepromazine ni marufuku kwenye mashindano na ni hatari kuruka nazo, mguu ukichelewa kuinuka ni ajali.

NgaziYaKwanza

La mwisho: aruke mara ngapi kwa wiki?

BoritiChini

Siku mbili zisizofuatana, viunzi 15 hadi 25 kwa siku ukihesabu na vile vya safu, vingi vikiwa vya sentimita 60 hadi 80. Siku zilizobaki weka boriti moja au mbili za chini uwanjani hata kama hamna mpango wa kuruka, mzipite kwa hatua za kawaida na telki katikati ya kazi nyingine. Urefu usiongezwe mpaka apite safu nzima mara tatu mfululizo kwa mpigo mmoja, hatamu mkononi zikiwa nyepesi. Akipoteza mpigo baada ya kuinua, rudisha chini sentimita 20 siku hiyohiyo, apite mara mbili, mshuke.